Kumfolo unamfolo, kumsoma ndo humsomi

Mwanangu, ugonile. Huku Uyole baridi imeshika kwelikweli, mama yako katoa mablanketi yote kabatini na bado analalamika, ila wote wazima na viazi tumeshavitoa shambani, bei ndo hivyo tena.

Nakuandikia habari ya shangazi yako wa Makambako. Kanipigia simu analia lia, oh mwanao kanitupa, naposti vitenge Instagram kila siku hata laiki moja siioni. Nikamwambia dada, mtoto anakufolo, kaniambia mwenyewe. Akasema kunifolo ananifolo, kunisoma ndo hanisomi. Nikakosa la kujibu.

Maana ile Krismasi ulikaa jikoni unaota moto, kidole kinapandisha kinashusha, mimi nachungulia kwa nyuma (wazazi tunachungulia, uzoee). Nikaona jamaa anachonga mbao, tangazo la sofa, wadada wanacheza na soksi, halafu yule mchekeshaji ambaye hata humpendi. Nikakuuliza hawa wote unawafolo? Ukasema hapana baba, zinakuja tu. Na akaunti yako imeandika unafuata watu 1,800! Sasa hao 1,800 walikuwa wapi?

Piga hesabu basi, si unasoma uhasibu. Kila mmoja akiposti mara moja tu kwa siku na wewe umpe sekunde 10, hizo ni sekunde 18,000, yani masaa 5 kamili, hujala hujaoga hujaingia darasani. Haiwezekani, ndo maana simu inakuchagulia. Zamani Instagram ilikuwa inapanga kwa muda, aliyeposti mwisho ndo unamwona kwanza, mwaka 2016 wakaibadilisha, na wenyewe walisema kipindi kile kwamba kwa wastani mtu anapitwa na asilimia 70 ya vinavyokuja kwake, kwa hiyo wacha tumtangulizie anavyovipenda. Inajuaje unachopenda? Inaangalia umeganda wapi, umelaiki nini, umekoment kwa nani. Ukimkodolea macho mchonga mbao leo, kesho unaletewa wachonga mbao watano, na shangazi anasukumwa chini mpaka anapotea kabisa, huku yeye anajua umemnunia.

Kufolo watu wengi mimi sioni shida, hailipiwi. Kinachonikera ni kile ulichoniambia kwenye simu, "shangazi namfuatilia baba, yuko poa", wakati mwenzio kalazwa wiki nzima na picha ya dripu kaiweka mwenyewe. We ulijuaje yuko poa? Hukuona kitu ukadhani hakuna kitu.

Sasa fanya hivi. Mwaka 2022 walirudisha sehemu ya kuona wale unaowafuata tu, kwa mpangilio wa muda, na wakaweka na orodha ya vipenzi, unachagua akaunti hadi 50. Wameificha ficha kidogo na ukifungua app unaanzia kule kule kwa wachonga mbao, kwa hiyo uende mwenyewe kuibonyeza. Mimi kwangu nimeweka Mamlaka ya Hali ya Hewa, Mbeya City hata wakifungwa, madalali wa viazi, na ndugu wote wenye simu, na bado nafasi zimebaki. Wewe hao 50 utawapata? Nakwambia ukifika wa thelathini utaanza kukuna kichwa. Wale 1,700 na ushee waache wakae, hata hawatajua.

Anza na shangazi. Leo asubuhi kaposti mzigo mpya, kauanika kwenye ua wa michongoma, kuna kitenge cha zambarau mama yako anakitaka kwa ajili ya ile harusi ya mwezi wa nane ila anaona aibu kumuuliza wifi yake bei. Muulize wewe pale kwenye koment, akikujibu nitumie meseji, na usimwambie ni cha nani asije akakitoa bure.

Baba yako.