Mitumbwi upande wa mlima, boti upande wa Kongo: barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kigoma

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Shikamoo nimeiweka akiba kwanza, maana sijui kati yetu mkubwa ni nani.

Mimi ni mvuvi wa mshipi. Sina kipe, kile chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, sina wavu, sina injini. Nina mtumbwi wa mbao ambao nikikaa katikati magoti yanagusa pande zote mbili, makasia mawili, na mshipi wa pima themanini niliouzungushia kipande cha mti. Natoka Kibirizi saa kumi na nusu alfajiri, napiga kasia kwenda kaskazini, upande wa Kalalangabo. Jua likishatokeza juu ya milima nakuwa nimejua kama siku hiyo nyumbani ni sangala au ni maharage.

Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu mwambao ninaousemea unaanzia Manispaa ya Kigoma Ujiji na kuingia Halmashauri ya Wilaya. Kikao cha upande mmoja hakimfungi mtu wa upande wa pili, na boti haijui mpaka. Wewe pande zote mbili ni zako.

Agosti 2024, Ziwa Tanganyika lilipofunguliwa baada ya ile miezi mitatu ya kupumzisha samaki, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, kila mwenye chombo aliingia majini kama kuku waliofunguliwa banda. Siku ya tatu au ya nne nilikuwa na kijana wa dada yangu, yuko mbele, mimi nyuma. Mshipi wake uko chini pima arobaini hivi, na sangala ameshika. Nikamwambia avute polepole. Sangala wa kina kile hana vita virefu. Hewa iliyomo ndani yake, ambayo kule chini imebanwa na uzito wa maji, inatanuka kadiri anavyopanda, tumbo linavimba, na akifika juu macho yamemtoka na mfuko wa tumbo umejaa mdomoni kama puto. Kazi inakuwa kwenye vidole vyako wewe. Uzi unakata, ndiyo maana tunavaa vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye kidole cha shahada.

Basi ikaja boti ya faiba kutoka kusini, pua juu. Nahodha alituona, hilo sina shaka nalo, kwa sababu alipunguza mwendo. Tatizo ni kwamba alipunguza akiwa ameshafika ubavuni. Mtu asiyekaa kwenye mtumbwi anaweza kudhani huo ni ungwana. Boti ya namna ile ikiwa mbio inateleza juu ya maji. Ukiikata injini ghafla mkia unazama, na wimbi linalotoka hapo ni kubwa kuliko ambalo lingetoka kama angepita tu. La kwanza lilitugonga ubavu. La pili likaingia ndani na kopo la chambo likaondoka nalo. Kijana akashika ukingo wa mtumbwi kwa mkono uleule wenye mshipi, samaki naye akavuta, na ile ndoana ya juu, maana tunafunga zaidi ya moja, ikazama kwenye nyama ya kiganja chini ya kidole gumba. Hatukuweza kuirudisha ilikoingilia. Tulifika ufukweni, nikaisukuma mbele mpaka ncha ikatokeza upande wa pili, fundi baiskeli akaikata kwa koleo. Samaki alikwenda zake zamani.

Yule nahodha hakusimama. Alipunga mkono tu, akapaza sauti: "Mzee, ziwa kubwa, sogea!"

Barua hii yote, Mheshimiwa, ni jibu la neno hilo, kwa sababu siku ile sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Ni kweli ziwa ni kubwa. Lina urefu wa karibu kilomita 670, upana wake kwa wastani ni kilomita 50, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake, kule Urusi, inayolizidi kwa kina. Ila samaki hawakai kwenye mita 1,470. Maji ya juu yana joto, ya chini ni ya baridi na mazito, hayachanganyiki, kwa hiyo hewa ya samaki kupumua haishuki mbali. Huku kwetu kaskazini inaishia kwenye mita 100 hivi. Kule kusini, Zambia, inashuka zaidi. Chini ya hapo ni maji matupu. Ziwa lote hili kubwa, kinachotulisha ni gamba la juu.

Sasa ndani ya gamba hilo kila samaki ana mahali pake. Dagaa na migebuka wanazurura nje kwenye maji ya wazi, wa kipe wanawafuata huko na taa zao. Kule ndani kabisa, kwenye mawe, kuna vile visamaki vya rangi ambavyo watu wanavinunua kwa ajili ya matenki ya kioo Ulaya. Sangala ninayemtafuta mimi anapenda kukaa karibu na chini, kwenye mwamba, na milima yetu hii inaingia majini hivihivi ilivyo, bila kupunguza mteremko. Kwa hiyo chini ninayoweza kuifikia kwa mshipi, na bado ikawa na samaki hai, ni ukanda mwembamba unaoandama ufuko. Kuna mahali naukata wote kwa kupiga kasia mara thelathini. Nikisogea nje, mshipi hauoni chini. Nikisogea ndani, nawavulia wenye matenki. Nisogee wapi?

Nanga nayo sitii. Kamba ya kufika huko chini ni ghali kuliko mtumbwi, na nanga ikinasa kwenye mwamba umeiaga. Tunajishikilia kwa kasia moja lililobanwa kwapani, mkono mmoja unapiga kidogokidogo kupambana na upepo, mwingine uko kwenye mshipi. Ukiona wimbi linakuja unatakiwa uligeuzie omo, yaani pua ya mtumbwi. Kwa mkono mmoja, na samaki akiwa katikati ya safari, muda huo hupati.

Wa boti nao siwezi kusema hawana haki ya kupita pale. Mwamgongo mpaka Kagunga watu wanategemea maji. Hifadhi ya Gombe haina barabara, watalii wanafikishwa kwa boti. Kiangazi upepo wa kusini ukianza kuvuma, nahodha mwenye akili anaubana ufuko, na mke wangu akienda kwao huwa ndani ya boti hizohizo. Nisingependa zipelekwe katikati ya ziwa kwa sababu yangu. Tena zile boti kubwa za mbao za abiria si mbaya kwetu. Ni nzito, injini yake unaisikia ukiwa bado na muda wa kukunja mshipi. Hata meli ya Liemba enzi inatembea hatukugombana nayo: ilipita mbali, siku zake zinajulikana. Meli iliyozamishwa 1916 ikaibuliwa 1924 ilikuwa na adabu kuliko boti iliyonunuliwa juzi.

Wanaotuumiza ni wa aina mbili. Wa kwanza ni boti za faiba zenye haraka. Wa pili, na hapa nawasema majirani zangu, ni vyombo vya dagaa vinaporudi alfajiri. Usiku kucha wamewasha taa mpaka ziwa likaonekana kama mji. Wakimaliza wanazima zote, wanabaki gizani, kisha wanakimbizana kuelekea mwaloni kwa sababu anayetangulia kufika ndiye anayemkuta mnunuzi ana pesa. Na saa hiyo ndiyo sisi tunayotoka. Tunapishana gizani, wao wamechoka na sisi hatuna taa.

Ndiyo, hatuna taa. Siji kwako nikiwa msafi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka hata chombo cha makasia kiwe na tochi au taa nyeupe tayari, ya kuonyeshwa mapema kabla ya kugongana. Najua zimeandikwa kwa ajili ya bahari, lakini giza ni lilelile. Wengi wetu tochi ni ya simu, na simu tumeifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Mpaka uifungue ushapitiwa. Jaketi okozi wengine wanalo, wanalikalia.

Mwaka jana alikuja mgeni Mmarekani na kayaki ya plastiki, akakaa siku nne akivua karibu nasi. Kwao anavua samaki anayeitwa bass, kwenye mabwawa marefu. Anasema joto likizidi bass anashuka, anakaa kwenye kingo za chini kama sangala wetu, na yeye anamsubiri pale juu kwenye kayaki, huku boti za mbio zikimzunguka. Tulicheka sana, kumbe na kwao wanaambiwa wasogee. Lakini alikuwa na vitu viwili ambavyo sisi hatuna: filimbi shingoni, na bendera ya rangi ya chungwa juu ya mlingoti wa nyuma, kwa sababu kayaki iko chini mno na nahodha aliyekaa nyuma ya boti iliyoinua pua haoni kitu mbele yake. Hilo lilinifungua macho. Nilikuwa nikidhani wote wanatudharau. Wengine hawatuoni.

Alipoondoka nilichukua koti la bodaboda, lile la kung'aa, nikalikata mgongo, nikalifunga kwenye mwanzi nyuma ya mtumbwi. Wenzangu waliniuliza nauli ya kwenda Ujiji ni shilingi ngapi. Sasa wanne wamefanya hivyohivyo, na tukikaa pamoja boti zinatukwepa zingali mbali. Si zote.

Aliniambia pia kwamba kwao maziwa mengi yana maboya ya kuonyesha eneo ambalo boti hairuhusiwi kuinua wimbi. Maboya sikuombi. Pale petu boya linataka kamba ya mita mia na zaidi, na wewe unajua kamba ya mita mia itakaa siku ngapi.

Ninachokuomba ni kanuni moja ambayo hata asiyejua kusoma ataishika: kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa mbili asubuhi, kaskazini ya Kibirizi, mtumbwi wa mshipi uwe upande wa mlima na boti ipite upande wa Kongo. Asipite mtu kati ya mtumbwi na ufuko. Anayeshusha abiria kijijini aingie moja kwa moja akiwa taratibu, na atoke hivyohivyo. Mwendo upunguzwe mapema, boti ingali mbali. Aliyechelewa kupunguza asipunguze kabisa, apanue nafasi apite. Na chombo cha dagaa kinachorudi kibakize taa moja inawaka mbele. Betri iliyowasha taa usiku kucha haishindwi na nusu saa.

Sisi kwa upande wetu tubanwe vilevile: mtumbwi usio na tochi na kitambaa cha kung'aa usitoke kabla ya jua, na BMU, wale wasimamizi wa mwalo, wakiukuta waurudishe. Nimeshawaambia wenzangu kwamba nitaliandika hili. Wawili wamenuna.

Haya yote hayahitaji bajeti. Yanahitaji uwaite mahali pamoja wenye boti wa Kibirizi, viongozi wa BMU wa mialo ya huku, maafisa uvuvi wa halmashauri zote mbili na watu wa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ambao tayari wanakagua vyombo, wakubaliane, kisha halmashauri waliweke kwenye sheria ndogo. Kama miezi mitatu ya ziwa kufungwa iliwezekana, na watu wana mikopo na watoto shuleni, kupindisha usukani kidogo hakutamshinda mtu. Ila tafadhali kikao kisiwe saa nne asubuhi. Saa nne sisi tunauza samaki na wa dagaa wamelala.

Na ukitaka kuona kwanza kabla ya kuita watu, njoo mwezi ukiwa giza, siku ambazo vyombo vya dagaa vinatoka. Saa kumi na nusu, Kibirizi, ulizia mtumbwi wenye koti la bodaboda. Njoo na sweta, kule nje kuna baridi kabla ya jua. Jaketi okozi nitakutafutia. Wewe utakaa mbele.

Wako,
Mvuvi wa mshipi, Kibirizi