Malalamiko kuhusu nafasi ya maegesho niliyolipia na faini ya kodi

Knoxville, Tennessee
12 Novemba 2024

Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Nyumba za Kupanga,
Ofisi ya Fort Sanders.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZWA KWA NAFASI YANGU YA GARI SIKU ZA MECHI, NA FAINI ZILIZOFUATA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mpangaji wenu wa jengo la nyuma, ghorofa ya pili. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lililobandikwa ofisini kwenu linasema mpangaji aandike kwa lugha anayoimudu, na hata mkataba nilielezwa kwa Kiswahili na mfanyakazi wenu kabla sijasaini. Tafsiri ya Kiingereza aliyoiandika mwanangu nimeiambatanisha.

Kila mwezi nawalipa dola 1,150 za kodi na dola 40 za maegesho. Hizo 40 zina mstari wake kwenye mkataba, na namba ya nafasi imeandikwa: 11. Nimeusoma upya mkataba wote, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma. Hakuna panaposema kwamba nafasi hiyo ni yangu isipokuwa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Tennessee ikicheza nyumbani.

Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba, timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilikuja kucheza kwenye uwanja wa Neyland. Anayeishi mtaa huu wa Fort Sanders hahitaji kuelezwa siku hiyo huwaje: uwanja unaobeba watu zaidi ya laki moja, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni kwangu, na boti za mashabiki zimefungwa ubavu kwa ubavu mtoni. Mimi nafanya usafi wa wodi zamu ya usiku, hospitalini ng'ambo ya mto. Saa moja asubuhi nilivuka daraja kurudi nyumbani, nikakuta kijana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa ameketi kwenye lango la maegesho yetu na bango la dola 60. Kwenye nafasi 11 palikuwa na gari kubwa lenye namba za Alabama. Wenyewe walishafungua buti, wamewasha jiko, wanachoma nyama. Walinikaribisha kwa adabu, na sina neno nao. Walilipa pesa yao wakaonyeshwa pa kuegesha.

Kijana akaniambia ofisi imeuza maegesho yote kwa siku ile, na kwamba wapangaji tulitumiwa barua pepe. Nilipoitafuta niliikuta kweli. Ilitumwa Ijumaa saa nne usiku, ikitutaka tuondoe magari kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne usiku niko kazini na ndoo mkononi, simu iko kabatini. Na hata ningeisoma, gari ningelipeleka wapi? Siku ya Alabama hakuna kona ya bure katikati ya mji huu.

Nililiweka pembeni, karibu na pipa la taka, mahali ambapo halimzibii mtu njia, nikaacha karatasi yenye namba yangu ya simu kwenye kioo. Nilipoamka mchana halikuwepo. Bredauni ililivuta kwa amri ya ofisi yenu, nami nikalikomboa kwa dola 195 taslimu. Jumatatu yake akaunti yangu ikaongezwa dola 85 za "ukiukaji wa kanuni za maegesho".

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike barua badala ya kuja tena dirishani. Tarehe 1 Novemba nililipa dola 1,190 kamili, kama kawaida. Mfumo wenu ukazikata kwanza zile 85, kisha ukatangaza kwamba kodi yangu imepungua dola 85. Tarehe 6 mkanitoza dola 115 za kuchelewa kodi. Yaani mtu aliyelipa kodi yote siku ya kwanza ya mwezi ameandikwa kwenye rekodi kuwa mchelewaji, na rekodi hiyo ndiyo mwenye nyumba mwingine atakayoiuliza siku nikitaka kuhama.

Hata tukiacha pembeni kwamba zile 85 sizitambui, hesabu yenu inapingana na sheria. Kifungu cha 66-28-201 cha sheria ya Tennessee ya wenye nyumba na wapangaji kinampa mpangaji siku tano za nafuu, na kinasema faini ya kuchelewa isizidi asilimia 10 ya kodi iliyochelewa. Iliyochelewa, si kodi nzima. Asilimia 10 ya dola 85 ni dola 8 na senti 50. Nyinyi mmechukua asilimia 10 ya 1,150. Kama mfumo ndio uliopangwa kukokotoa hivyo, basi si mimi peke yangu niliyetozwa, na nawashauri mkague akaunti za majengo yote kabla wengine hawajaanza kupiga hesabu zao.

Nilipofika ofisini niliambiwa kwamba siku za mechi kila mtu mtaani anauza maegesho. Ni kweli, wenye nyumba wanauza hata nyasi za mbele ya baraza zao. Lakini wanauza zilizo zao. Nafasi 11 mlishaniuzia mimi kwa mwezi. Ni sawa na kondakta kuuza siti moja kwa abiria wawili, halafu akamtoza faini yule aliyebaki amesimama. Na kwa siku hiyo moja nafasi yangu iliwaingizia dola 60, wakati mimi kwa mwezi mzima nawalipa 40.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na mpira. Nilikuwa hapa mwaka 2022 Tennessee walipoifunga Alabama 52 kwa 49, watu wakang'oa magoli wakayabeba hadi mtoni wakayatumbukiza, na mimi nilicheka kama wengine. Safari hii tena wameshinda, 24 kwa 17, na wanangu wawili walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Ila furaha ya mji isilipiwe na mama anayetoka kazini asubuhi.

Naomba yafuatayo. Faini ya dola 115 ifutwe na rekodi yangu ya malipo isafishwe, nami nipewe uthibitisho wa maandishi kwamba kodi ya Novemba ililipwa tarehe 1. Dola 85 zifutwe. Dola 195 za bredauni nirudishiwe, risiti imeambatanishwa. Mwisho, nafasi 11 isiuzwe tena. Mechi ya mwisho ya nyumbani kwenye ratiba ni tarehe 23 Novemba dhidi ya UTEP (Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso), na siku hiyo pia nitakuwa natoka zamu ya usiku. Mkitaka kuikodisha kwa siku za mechi, njooni tuzungumze mapema na tukubaliane bei, huenda nikakubali. Lakini mniulize.

Nafahamu pia kwamba fomu za mkataba wa kuanzia Agosti 2025 zimeshaanza kugawiwa, na kwamba mngependa jengo letu liwe la wanafunzi wanaolipa kwa kitanda. Hilo ni la biashara yenu. Natarajia tu kwamba barua hii haitakuwa sababu ya fomu yangu kuchelewa au kodi yangu kupandishwa peke yake, kwa sababu sheria ya jimbo inamkataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamika.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, nitapeleka mkataba, picha, risiti na barua pepe ile ya saa nne usiku kwa wanasheria wa msaada wa bure, na kutoka hapo tutaonana General Sessions Court ya Knox County, mahakama ya madai madogo.

Jibu lije kwa maandishi. Mkilazimika kupiga simu, isiwe kabla ya saa nane mchana, huwa nimelala.

Wenu,

Mpangaji wa jengo la nyuma, ghorofa ya pili
Nafasi ya maegesho namba 11