Mdogo wangu mjumbe, chuo nenda ila mtaa usiuache

Mdogo wangu, hujambo, na watoto wazima? Mama kaniambia tangu wakuchague ujumbe wa serikali ya mtaa ule Novemba 2024 hulali, mara kesi ya mpaka wa kiwanja mara mtu kagonga saa nne usiku anataka barua ya utambulisho, na sasa eti unataka kufunga genge uende chuo miaka miwili ukasomee maendeleo ya jamii. Nimeona nikuandikie hapa hapa hadharani maana najua mpo wengi wenye hilo wazo.

Sikukatazi. Mimi mwenyewe si nimepita Tengeru pale chini ya Meru, chuo cha maendeleo ya jamii, kipo tangu 1963 na ile baridi yake ya asubuhi nadhani nayo ipo tangu hapo. Lakini ngoja nikwambie aibu yangu ya fildi. Niliitisha mkutano saa nne asubuhi, tangazo lina muhuri, nimevaa vizuri, makaratasi makubwa ya kubandika ukutani ninayo, wakaja wazee tisa na mlevi mmoja. Nikaandika kwenye ripoti "mwitikio wa jamii ni mdogo". Jioni yake mama mmoja muuza mchicha akaniambia mwanangu, saa nne hiyo nani aache biashara akusikilize wewe, njoo bombani sisi tupo foleni. Nikaenda. Tukachora ramani ya mtaa pale chini kwa majivu na magunzi, wanawake kivyao na wanaume kivyao, wanaume wakaweka barabara, shule, ofisi ya mtendaji na kilabu cha pombe (hawakukisahau!), wanawake wakaweka bomba na kile kichochoro wanachopita alfajiri wakienda sokoni roho mkononi, na nusu ya wale wanaume wakawa wanaulizana hicho kichochoro kiko wapi wakati wanaishi hapo miaka yote. Mambo ya fursa na vikwazo, yaani wananchi wenyewe kutaja walichonacho na kinachowakwamisha, niliyokuwa nayakariri darasani nikayaelewa siku ile, nimechuchumaa, majivu mpaka kwenye sketi.

Sasa shida yangu na chuo iko baada ya kumaliza. Darasani kwetu walikuwepo waliokuja wakiwa tayari wanaongoza vikundi kwao, watu wanaosikilizwa kabisa, tulipopata vyeti karibu wote macho kwenye Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, nani arudi kijijini kuongoza bure? Na mimi nikiwemo, ndo maana leo niko Singida naendesha vikao vya watu ambao hata shangazi zao siwajui, na mtaa wetu nyumbani hauna mimi. Na wewe ukiondoka je?

Zamani hili walilifikiria zaidi yetu. Chuo cha Kivukoni pale Dar kilipofunguliwa 1961 walitazama Ruskin kule Oxford, chuo cha watu wazima waliotoka kazini, na Joan Wicken, msaidizi wa Mwalimu Nyerere, ndo alihangaika kukitafutia hela. Halafu 1975 zikaanza FDC, vyuo vya maendeleo ya wananchi, Mwalimu alivutiwa na vile vya Skandinavia ambavyo mtu mzima anaenda kusoma mambo ya kwao, mtihani sio ishu, akimaliza anarudi kwao. Vipo mpaka leo, hamsini na kitu, ila ukiingia vingi utakuta cherehani, umeme na magari. Sio vibaya, vijana wanahitaji kula, ila somo la kuongoza watu limebanwa kwenye kona. Na Kivukoni sasa ndo Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, wanatoa mpaka digrii.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningeanza na kozi fupi. Kaulize Hombolo kule Dodoma, Chuo cha Serikali za Mitaa, uulize na halmashauri yenu kama wana mpango wowote wa kuwafundisha wajumbe, na ukifika ung'ang'anie vitu viwili tu, kusoma taarifa ya mapato na matumizi mpaka mtendaji asikuzungushe, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 za wanawake 4 za vijana 2 za watu wenye ulemavu, katiba ya kikundi inaandikwaje, andiko la mradi linakaaje, kwa sababu wamama wa pale gengeni watakuuliza hilo kila siku na ukikosa jibu wataenda kwa mtu wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuua. Diploma itakusubiri, ujumbe wako ni miaka mitano na ushaanza kukatika.

Nimempa dereva wa basi daftari langu la fildi, kalipokee stendi. Ukurasa wenye ramani panya wameula pembeni, utasoma hivyo hivyo.

Dada yako