Barua ya wazi kwa wakufunzi mnaohama chuo kwenda darasa la kwanza

Wanangu wakufunzi, salamu zenu zimenifika, marahaba sana.

Nasikia wengi mnaomba kutoka vyuo vya ualimu mkafundishe shule za msingi, wengine mnafuata familia, wengine mmechoka kueleza ufundishaji mwaka hadi mwaka bila kushika darasa la watoto, na swali mnaloniletea ni lilelile, mama si watu wataona nimeshushwa? Mimi chuoni nimekaa miaka mingi na utumishi wangu nikaumalizia darasa la kwanza, kwa hiyo nisikilizeni. Hamjashushwa. Mtu akikuambia mkufunzi mzima unafundisha a e i o u mwache aseme mpaka achoke. Kuna watoto wanafika darasa la nne hawajui kusoma, na wale wanaokolewa huku chini jamani, sio chuoni.

Ila makaratasi kwanza. Chuo cha serikali kiko chini ya Wizara ya Elimu, shule ya msingi iko chini ya TAMISEMI kupitia halmashauri, kwa hiyo huu sio uhamisho wa kubadilisha kituo tu. Uliza kwa maandishi daraja lako linakuwaje, cheo kinakuwaje, mshahara unabaki palepale au la, afu nakala za barua zote weka nyumbani. Ahadi ya mdomo usiipokee hata kama anayekuahidi mlisoma wote.

Sasa darasani. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili limewekewa mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na hata mtaala mpya ulioanza 2024 hizo ndizo msingi wa huko chini. Haya mnayajua, mmeyafundisha, sauti ya herufi kwanza, halafu silabi, halafu neno. Lakini mwanachuo akikosa kuelewa atauliza, au utamkamata kwenye mtihani. Mtoto wa miaka sita haulizi, anaimba na wenzake. Atakusomea ukurasa mzima wa baba na bata bila kukosea, unafurahi, unageuka kwa mwingine, kumbe ungefunika picha na kiganja ukamwachia ile "ba" peke yake angekutolea macho tu, maana ukurasa ameushika kichwani kwa kuusikia. Hilo la kufunika lifanyeni kwa kila mtoto, mmoja mmoja, mapema kabisa. Najua mtaniambia darasa limejaa, kiwango kinasema watoto 45 kwa mwalimu mmoja na wengi mtakuta wamezidi mbali, sasa waite wachache kila siku mezani kwako wakati wengine wanaandika, mtawamaliza. Ndipo utamjua anayechanganya b na d, na yule aliyekwama kwenye mb na nd wakati wenzake wameshavuka, yaani bila hivyo utafundisha mpaka mwezi wa sita unadhani mnakwenda pamoja.

Halafu mtafuteni mwalimu aliyelizoea darasa la kwanza pale shuleni. Pengine yeye ana cheti na wewe una digrii, na pengine alishawahi kukuona ukija na fomu yako kusahihisha wanachuo wa BTP, wale wanaokuja shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo anaweza kukuogopa. Mtoe hofu wewe. Kama ni mkubwa kwako mwamkie vizuri, omba ukae nyuma ya darasa lake, na daftari la kumkagua usilitoe. Angalia anavyogawa vizibo vya soda vya kuhesabia bila watoto kugombana, anavyochonga penseli huku anasikiliza mwingine anasoma, anavyojua ikifika saa nne nani hajaweka kitu tumboni na hata umfundishe vipi hataingiwa na kitu mpaka apate uji. Mwalimu kama huyo nilimkuta mimi, na mengi ninayowaambia leo nimeyatoa kwake.

Na wanachuo wa BTP watawafikia hukohuko, msiwape tu kipindi mkaenda kukaa ofisini. Wakalisheni wawaone mnavyohangaika na yule mtoto mmoja anayekataa kushika silabi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, maana chuoni hatukuwa na mtoto wa kuwaonyesha.

Mama yenu, mkufunzi mstaafu.