Vya mazoezi kikundi kinunue, vya maonyesho kikodi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu jambo linalovunja urafiki katika vikundi vingi vya burudani, nalo ni kununua vyombo vya sauti kwa pamoja. Iwe ni kwaya, kikundi cha maigizo, cha ushairi, au bendi ya watu wanaopiga kwa mapenzi tu baada ya kazi, mjadala huanza vilevile. Mmoja anaonyesha picha ya spika kwenye simu, wa pili anauliza bei, wa tatu anasema tuchange. Kabla haijajulikana vyombo vitalala wapi, kura imeshapigwa.

Msimamo wangu ni kwamba kikundi kinunue vyombo vya mazoezi, vya maonyesho kikodi, na mtunzaji ateuliwe kabla mchango wa kwanza haujapokelewa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua bei ya kununua seti nzima, uigawe kwa kodi ya siku moja ya seti ya aina hiyohiyo. Tuseme jibu ni 20. Maana yake kununua ni sawa na kukodi mara 20, lakini hapo bado hamjamaliza. Kila mwaka tengeni sehemu moja ya kumi ya bei ya kununulia kwa ajili ya matengenezo na kubadilisha vilivyochakaa. Msipotenga, siku spika itakapoungua mtarudi kwa wanachama na bakuli. Kwa miaka 5, basi, ununuzi umewagharimu sawa na kodi 30: 20 za bei na 10 za matengenezo. Gawanya kwa miaka 5, unapata siku 6 kwa mwaka. Kikundi kinachotumia vyombo siku 3 au 4 kwa mwaka hakina sababu ya kununua. Kinachofanya mazoezi kila wiki, vyombo vimejilipa kabla mwaka haujaisha. Ulizeni pia kama kodi inajumuisha fundi na usafiri, maana mkinunua, hivyo viwili vinabaki mzigo wenu.

Kosa kubwa ni kuhesabu siku za mazoezi na siku za maonyesho kwa pamoja. Mazoezi ya watu 10 au 15 chumbani hayahitaji mitambo ya kuhutubia watu 300 uwanjani. Ukizichanganya siku hizo utanunua spika kubwa za besi kwa ajili ya usiku mmoja, kisha wiki zilizobaki zote watu wanazibeba, wanazizungukia na kuzigonga kwa magoti. Fanyeni hesabu mbili tofauti, na majibu yatatofautiana.

Kwa mazoezi, hivi vinatosha: spika 2 za inchi 10 au 12 zenye amplifaya ndani, na stendi zake 2, miksa moja (chombo cha kuchanganya sauti na kuzipeleka kwenye spika), maiki 4 za waya na moja ya akiba, stendi 4 za maiki, nyaya 8 za XLR, zile za maiki zenye kichwa cha pini 3: 6 za mita 6 za maiki na 2 za mita 15 za kupeleka sauti kwenye spika, kisanduku kimoja cha DI, kinachokaa kati ya kinanda na miksa ili sauti yake ipite kwenye waya wa XLR, na ekstensheni 2 nzuri zenye waya wa ardhi. Spika ya plastiki ya inchi 12 yenye amplifaya ndani huwa na uzito wa kilo 15 hadi 20, hivyo mtu mmoja anaweza kuibeba hadi mlangoni na wawili wakaipandisha kwenye stendi bila kuumia mgongo.

Kabla ya kuchagua miksa, hesabuni matundu. Miksa inayoitwa ya chaneli 12 mara nyingi ina matundu 4 au 6 tu ya maiki. Chaneli nyingine ni za jozi, kwa ajili ya kinanda au simu. Maiki 4, kinanda kinachochukua njia 2 na simu inayochukua njia 2, hapo tayari ni chaneli 8. Na mahali ambapo mitambo inashikwa na watu tofauti kila wiki, mimi ningechukua miksa ya vitufe vya kuzungusha badala ya ile ya skrini. Kitufe kilichozungushwa vibaya kinaonekana kwa macho. Kilichojificha kwenye ukurasa wa tatu wa skrini kitamaliza nusu saa ya mazoezi.

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la spika isiwababaishe. Wati 1,000 za boksi mara nyingi ni za kilele, yaani nguvu ambayo spika inaihimili kwa kufumba na kufumbua. Nguvu ya kudumu, ambayo ndiyo inayofanya kazi, huwa nusu au hata robo ya hiyo. Tena kuongeza wati mara 2 kunaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ndogo sana kwa sikio. Ili sauti isikike imekuwa kubwa mara 2 unahitaji desibeli 10 hivi, na hizo ni wati mara 10. Someni mstari wa unyeti, yaani sauti inayotoka kwa kiasi kilekile cha umeme: spika inayotoa desibeli 97 kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1 inaishinda ya desibeli 91 kana kwamba imefungwa amplifaya yenye nguvu mara 4. Halafu kuna umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara 2 sauti inapungua desibeli 6, hivyo aliye mita 16 anasikia desibeli 24 chini ya aliye mita 1. Ndiyo maana stendi si pambo. Spika ikipandishwa hadi tarumbeta yake, ule mdomo wa juu unaotoa sauti kali, ipite vichwa vya watu waliosimama, wa nyuma wanasikia bila wa mbele kuumizwa masikio.

Nimesema spika zenye amplifaya ndani, na najua mafundi wengine watanipinga. Wana hoja: amplifaya ikiwa nje, ikiharibika unaibadilisha na spika zinabaki salama. Lakini kwenye kikundi kila mtu huunganisha anavyojua. Spika 2 za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, amplifaya inabeba mzigo zaidi) zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Mtu akiongeza 2 nyingine zinashuka hadi omu 2, na amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 4 inachemka, inajizima au inaungua kabisa. Mwingine atakosa waya wa spika, atachukua wa gitaa kwa sababu kichwa chake kinaingia tundu lilelile. Waya wa gitaa una uzi mwembamba sana ndani. Unapata moto na amplifaya inateseka. Ukiwa na amplifaya ndani ya spika, makosa hayo mawili hayana pa kutokea.

Sasa nyaya, ambazo ndizo hununuliwa mwisho kwa chenji iliyobaki, na ndizo huharibu mazoezi kuliko kitu kingine chochote. Kichwa cha XLR kina pini 3: ya 1 ni ya ardhi, ya 2 na ya 3 zinabeba sauti. Ubovu karibu wote hutokea ndani ya kichwa, pale uzi ulipochomelewa kwa risasi, kwa sababu watu huchomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika kichwa. Pini ya 1 ikiachia, utasikia mvumo. Ya 2 au ya 3 ikiachia, sauti inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye simu, au inapotea kabisa. Fungueni kichwa, mtauona uzi umening'inia. Kuuchomelea tena ni kazi ya dakika 10. Kwa hiyo nunueni nyaya ambazo vichwa vyake vinafunguka. Vile vilivyozibwa kwa mpira wa moto, vikifa vimekufa.

Waya usizungushwe kwenye kiwiko. Kila mzunguko wa namna hiyo unaupinda uzi upande uleule, na baada ya miezi michache waya unalala sakafuni kama chemchemi ya godoro. Zungusha duara la kwanza kwa kawaida, la pili ulipindue kwa ndani, la tatu la kawaida, hivyo hadi mwisho. Ukiurusha waya unanyooka wenyewe bila fundo. Ufungwe kwa kamba ya kitambaa, usifungwe kwa ncha yake.

Mvumo ukisikika kwenye spika zote, chomekeni kwanza mitambo yote kwenye chanzo kimoja cha umeme. Mvumo ukitokea kinanda kinapounganishwa, tumieni swichi ya kukata ardhi iliyo kwenye kisanduku cha DI. Asithubutu mtu kukata pini ya ardhi ya plagi ili kunyamazisha mvumo. Pini hiyo ipo ili mwimbaji anayeshika maiki ya chuma asipigwe na umeme, na nalisema hili kwa uzito wote.

Kuwasha kuna utaratibu: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Ukizima miksa wakati spika bado ziko hai, ule mshindo unaousikia unaupiga utando wa spika.

Mluzi wa maiki, ule mlio mkali unaotokea maiki inaposikia spika, mara nyingi unalaumiwa kwa ubovu wa vyombo, na watu wanakimbilia kununua vingine. Angalieni kwanza mkono wa mwimbaji. Maiki ya kuimbia ina matundu nyuma ya wavu ambayo yanaisaidia isisikie sauti ya nyuma yake. Kiganja kikifunika pale, maiki inaanza kusikia pande zote, ikiwemo spika. Pia fungeni chaneli zisizotumika: maiki 8 zilizo wazi badala ya 2 zinawanyima desibeli 6 za nafasi kabla ya mluzi. Na mdomo ukae karibu, kwa sababu kutoka sentimita 5 hadi 10 tu mnapoteza desibeli 6 nyingine.

Maiki zisizo na waya sizipendekezi katika ununuzi wa kwanza, hasa zilizotumika zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Nchi nyingi zimeyahamishia mawimbi ya megahezi 700, ambayo maiki nyingi za zamani za aina hiyo hutumia, kwenye mitandao ya simu, na Marekani ilizipiga marufuku maiki hizo katika sehemu kubwa ya mawimbi ya 600 mnamo Julai 2020. Funua kifuniko cha betri usome namba, uilinganishe na kanuni za mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kabla ya kulipa. Kwa maiki ya waya, Shure SM58, ambayo imekuwa sokoni tangu 1966, ni chaguo lisilojutiwa, ila zimejaa za bandia. Ya kweli ina gramu 298 hivi. Mizani haithibitishi kila kitu, lakini ikipungua sana, iacheni.

Narudi kwa mtunzaji. Awe mtu mmoja mwenye jina, si kamati, na mwingine awe na ufunguo wa pili. Awe na daftari lenye safu 5: tarehe, kifaa, aliyekichukua, hali kilipotoka, hali kiliporudi. Kila waya upewe namba kwenye utepe wa rangi. Waya ukigundulika mbovu, upigwe fundo papo hapo na uwekwe kando. Ukirudishwa kwenye boksi bila alama, utatolewa tena wiki ijayo na kusumbua watu walewale. Spika zisikae juu ya sakafu ya saruji. Ziinuliwe kwa mbao, zifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Betri zitolewe kwenye kila kitu kinachokaa zaidi ya wiki mbili, maana zikivuja zinakula chuma. Wavu wa maiki ufunguliwe, uoshwe kwa sabuni na sponji yake, ukauke kabisa ndipo urudishwe. Midomo ya watu 10 imepita hapo.

Kuna watakaosema, kwa nini tununue wakati fulani ana spika nyumbani? Spika ya fulani ni ya fulani. Ikiungua kwenye mazoezi, kikundi hakina fungu la kuitengeneza naye hana ujasiri wa kudai. Akikasirika, mazoezi yanasimama. Kama lazima mtumie chombo cha mwanachama, andikeni kwenye daftari kwamba ni chake, na kwamba kikiharibika mikononi mwa kikundi, kikundi kinatengeneza.

Na kwa vyombo mtakavyonunua, risiti iwe kwa jina la kikundi. Andikeni ukurasa mmoja, kila mchangiaji atie saini: anayehama au kujitoa hadai fungu lake, vyombo haviendi kwenye sherehe ya mwanachama bila mtu wa kikundi anayejua kuviendesha, kikundi kikivunjika, vinauzwa na fedha kugawanywa kwa kadiri ya michango. Ukurasa huo ubandikwe nyuma ya jalada la daftari la mtunzaji, pamoja na risiti.

Fundi mitambo