Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Tufungulieni studio

Profesa,

Shikamoo.

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA STUDIO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua ya namna hii ilipaswa kupitia kwa mkuu wa idara, kisha kitivo, kisha masijala. Zilizotangulia njia hiyo bado ziko njiani, kwa hiyo hii nimeona nikuandikie mbele za watu.

Wiki iliyopita kwenye mahafali ulisimama chini ya bango jipya. Uliliangalia, Profesa? Bluu ya chuo chetu ilitoka zambarau. Kuna mzazi aliniuliza kama tumebadilisha rangi. Dizaina yeyote wa Kariakoo anaujua ugonjwa huo: rangi zilizopangwa kwa mwanga wa skrini, yaani RGB, zikipelekwa kwenye wino wa CMYK bila kurekebishwa, bluu ndiyo ya kwanza kukimbilia zambarau. Bango alipewa mtu wa nje. Picha za mahafali nazo alipewa mtu wa nje. Sisi wa Shahada ya Usanifu wa Michoro na Upigaji Picha tulipangiwa kubeba viti, na nashukuru kwamba hakuna kiti kilichovunjika.

Halafu ukapanda jukwaani ukamtaja mpiga picha Mohamed Amin. Ukasema mtu aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963 ndiye aliyekuja kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, na kwamba nasi tunaweza. Tulipiga makofi. Ila Amin alikuwa na kamera, Profesa.

Za kwetu zimefungiwa. Tulipokuwa mwaka wa kwanza ulituahidi studio "kabla muhula haujaisha", maneno yako mwenyewe, ukumbini. Muhula ukaisha. Mwaka wa pili mzigo ukafika kweli, tena tuliushusha wenyewe kwenye lori: kamera, lenzi, taa, kompyuta za kuchorea, printa ya rangi. Tukaambiwa tusiguse kitu mpaka uzinduzi. Leo tuko mwaka wa tatu, mlango una kufuli na karatasi iliyoandikwa SUBIRI UZINDUZI. Wapo wanaosema mgeni rasmi anaahirisha. Wapo wanaosema fomu za makabidhiano hazijasainiwa na mtunza stoo hataki kuingia matatani kwa ajili ya mtu. Mimi nahisi mnaogopa tutaviharibu.

Kama ni hilo, vinaharibika hata hivyo. Lenzi ikikaa gizani kwenye joto na unyevu wa pwani hii huota fangasi ndani ya vioo, na fangasi wakishaula ule utando wa juu ya kioo, hakuna kitambaa cha kuurudisha. Betri za lithiamu zikiachwa miezi na miezi mpaka ziishe kabisa, nyingine haziamki tena. Dhamana nayo kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ya kununua. Haisubiri utepe.

Huku nje mimi nakodi kamera kwa mpiga picha wa harusi Temeke. Ananipa Jumatatu, maana wikiendi inamlisha yeye na wanawe. Bumu lote, yaani mkopo wa kujikimu, linaishia hapo, na mchana nakunywa chai. Kazi ya picha za bidhaa niliipigia chumbani, shuka likiwa ukuta na balbu ya dari ikiwa ndiyo taa ya studio. Mwalimu akaniandikia kwa wino mwekundu: "Mwanga hafifu." Taa ziko mlango wa tatu kutoka ofisini kwake! Simlaumu, naye ufunguo hana. Mtihani wa vitendo tuliufanya kwa kalamu: "Eleza hatua za kupiga picha ya mtu ndani ya studio." Nikaeleza. Nikapata B katika chumba ambacho sijawahi kukanyaga.

Fildi nilipangiwa kwenye kiwanda cha uchapaji. Kijana aliyeishia kidato cha nne ndiye aliyenifundisha kuacha milimita 3 za ziada pembeni mwa kazi, kisu kikiyumba kisije kikaacha ukingo mweupe. Nilipomwambia namalizia shahada, alidhani namtania.

Na risiti zangu za ada, Profesa, kila muhula zina mstari unaosomeka "matumizi ya studio". Ninazo zote. Kama kuna anayezitumia hizo studio, basi si sisi.

Nilitaka kueleza pia habari ya leseni za programu zilizokwisha muda, na intaneti inayozimwa saa kumi. Nimeacha. Sidai kamera mpya, wala sidai fidia. Naomba mlango ufunguliwe. Kesho, au keshokutwa, au wiki ijayo, lakini kabla kazi zetu za mwisho hazijakusanywa, kwa sababu mwajiri wa fani hii haombi kuona GPA, anaomba potifolio, na sisi hatuna cha kumwonyesha. Mlango tu, Profesa.

Kama uzinduzi hauna budi kufanyika, hatupingi. Siku mgeni rasmi akipatikana tutavifuta vifaa, tutavirudisha kwenye maboksi yake, tutabandika gundi upya na kufunga utepe. Bango la siku hiyo mtupe sisi tulitengeneze, litoke bluu.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Usanifu wa Michoro na Upigaji Picha