Bandari za Kungojea Pepo: Barua kwa Rafiki

Kilwa Masoko
Machi

Ndugu yangu mpendwa,

Assalaamu alaykum. Barua yako niliipokea, na nimefurahi kusikia kwamba nyumbani hawajambo na kwamba mama anaendelea vizuri. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Umeniuliza swali ambalo wanafunzi wako wamekubana nalo: iweje Uislamu uenee pwani yetu bila jeshi la kutoka Uarabuni kuiteka? Ukaongeza kwamba kitabu mnachotumia darasani kinajibu kwa sentensi moja tu, kwamba wafanyabiashara walileta dini, kisha kinaingia mada nyingine. Jibu hilo si la uongo, lakini haliniridhishi mimi kama lisivyokuridhisha wewe. Haliwaelezi wanafunzi ni kwa njia gani mtu aliyekuja kuuza nguo na shanga, na kurudi kwao na pembe na dhahabu, anaweza kuibadili ibada ya mji mzima.

Mimi naamini ufunguo wa jambo lote ni kungoja. Wewe umelelewa bara, kwa hiyo niruhusu nieleze mambo ambayo mtoto wa hapa huyajua kabla hajaanza shule. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hivi hadi Machi, nayo ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Uhindi. Kusi huanza Aprili, nayo ndiyo iliyovirudisha. Katikati ya safari hizo mbili nahodha hakuwa na la kufanya ila kukaa. Zaidi ya hayo, chombo kilichotoka Ghuba au Uhindi kilipata taabu kubwa kwenda hadi Sofala, bandari ya dhahabu katika Msumbiji ya leo, na kurudi kwao katika msimu mmoja. Kilwa ndiyo iliyokuwa karibu mwisho wa safari ambayo nahodha angeweza kuifanya na bado akaiwahi kusi. Sasa fikiria mtu anayekaa wiki hata miezi katika mji wa watu: anahitaji pa kulala, wa kumpikia, ghala la mali yake, mtu wa kumkopesha bidhaa akaamini kwamba atalipwa mwakani, na hakimu wa kuwaamua wakidhulumiana.

Tazama alichokiona Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipofika Mogadishu karibu mwaka 1331. Chombo kilipotia nanga, kwanza ilikuja mashua ya sultani kuuliza kimetoka wapi, mwenyewe ni nani, nahodha ni nani na kimebeba nini, na habari zote zikapelekwa kwa sultani. Kisha wakaja vijana wa mji kwa mashua ndogo, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia mgeni kitu wakati mwenyeji hayupo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Naomba kisa hicho uwasomee wanafunzi wako polepole, kwa sababu ndani ya sahani ile mna ukarimu, udalali na dhamana kwa pamoja, na haiwezekani kukitenganisha kimoja na kingine. Ilipojulikana kwamba Ibn Battuta si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni wa sheria, kadhi mwenyewe alikuja ufukweni kumpokea, na kadhi huyo alikuwa mtu wa asili ya Misri.

Kadhi wa asili ya Misri akihukumu Mogadishu kwa sheria ile ile ambayo mfanyabiashara wa Aden, bandari ya Yemen, au wa Cairo aliijua tangu utotoni: hapo naona jinsi dini ilivyopata mizizi. Mwenyeji na mgeni waliposimama safu moja msikitini, mkataba wao ulikuwa na shahidi ambaye wote wawili walimwogopa. Sisemi kwamba wazee wetu walisilimu kwa kutafuta faida. Imani ya watu waliokufa miaka elfu iliyopita haipimwi kwa mizani ya dukani. Nasema tu kwamba dini ilifika pamoja na watu waliolala, wakala, wakaugua na wakaoa hapa, wala haikufika kwa tamko la siku moja. Ushahidi wa ardhini unakubaliana na hilo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia walikuta alama za msikiti mdogo wa miti wa mwishoni mwa karne ya 8, na juu yake misikiti mingine iliyojengwa na kujengwa tena mahali pale pale, kila baada ya muda ikawa mikubwa zaidi, mpaka ule wa mawe ukasimama karibu na mwaka 1000. Kule Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ukutani yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Na mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa na Mtwapa ikiwemo: kwa wengi wao asili ya Kiafrika ilitoka hasa kwa akina mama, na asili ya Kiasia, iliyotoka zaidi Uajemi, kwa akina baba, na mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo ukitaka kumtaja aliyeupokea Uislamu na kuulea pwani, mtaje kwanza mwanamke wa hapa, aliyebaki na watoto wakati mume alipoondoka na kusi, akawafundisha lugha yake na jinsi ya kuswali.

Sasa nije kwenye utawala, ambao hukuuliza lakini hauachani na swali lako. Mahali ambapo kila mtu analazimika kusimama, mwenye mahali hapo anaweza kutoza ushuru. Kilwa ilipata nguvu ilipoishika njia ya Sofala, ambayo kabla yake ilikuwa ikifuatwa na watu wa Mogadishu, na tangu hapo dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe ilipita mikononi mwake. Mwishoni mwa karne ya 13 kiti kilichukuliwa na ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen, na kutoka ukoo huo akaja al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Tarikh za Kilwa, yaani vitabu vya kale vya historia ya mji, zinasema kwamba katika ujana wake alikaa Aden miaka miwili akisoma, kisha akahiji Makka. Zingatia hilo: mtawala wa bandari ya mwisho kusini alikwenda kutafuta elimu, na bila shaka marafiki pia, katika bandari kubwa ya kaskazini. Aliporudi na kutawala, alijenga Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari, jumba lenye vyumba zaidi ya 100, maghala makubwa, na hodhi la kuogea la pembe nane ambalo mpaka leo tunawaonyesha wageni. Sarafu zake za shaba zilikuwa na jina lake upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakiwa na vina na jina hilo. Moja ya sarafu hizo ilikutwa Great Zimbabwe kwenyewe, kwenye magofu ya mji wa kale wa mawe, mbali kabisa na bahari.

Ibn Battuta alimsifu sana sultani huyu kwa ukarimu, na hapa nakuomba usiwafiche wanafunzi wako upande wa pili. Anasimulia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akampa. Mtoto wa sultani akazirudisha nguo zile kwa kumlipa yule maskini watumwa 10, na sultani, kwa kufurahishwa na sifa za watu, akamwongezea watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msimulizi huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akienda mara kwa mara kuwashambulia watu wa bara na kuteka mateka. Kwa hiyo jibu la kwamba hapakuwa na jeshi ni la kweli kwa upande wa Uarabuni tu. Dini iliingia mjini kwa sahani ya chakula, lakini utajiri wa mji uliolelewa na dini hiyo haukuwa na mikono safi, na watu 20 waliotolewa zawadi siku ile hawakuandikwa hata jina.

Tauni kubwa ya karne ya 14 nayo ilisafiri kwa utaratibu ule ule, ndiyo maana naiweka katika barua hii. Karibu na ziwa Issyk-Kul, katika nchi ambayo leo ni Kirgizistani, kuna makaburi ya jumuiya ya Wakristo wa Kanisa la Mashariki waliokuwa wakiishi kando ya njia ya misafara ya kwenda China. Dini yao ililetwa huko na njia hiyo, na mawe yao ya kaburi yameandikwa kwa Kisiria. Kati ya mawe 467 yenye tarehe kamili, 118 ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339, na baadhi yake yanataja wazi kwamba marehemu alikufa kwa maradhi ya mlipuko. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba meno ya watu hao yalikuwa na vinasaba vya bakteria wa tauni. Pamoja na mifupa yao zilizikwa lulu za Bahari ya Hindi na marijani ya Mediterania. Sijui kama kuna ushahidi mwingine unaoonyesha kwa ufupi kama huo kwamba imani, mapambo na mauti vilipita barabara moja.

Miaka minane baadaye maradhi yalikuwa Kaffa, bandari ya Wagenoa, watu wa Genoa ya Italia, katika rasi ya Crimea, ambako nafaka ya nyikani ilikusanywa na kupakiwa. Vita kati yao na Wamongolia wa Kipchak vilipotulia na biashara ya nafaka kurudi mwaka 1347, mashehena yalitoka, na nafaka ndiyo chakula cha panya, na panya ndiye nyumba ya viroboto. Mwaka huo huo tauni iliingia Constantinople, kisha Messina na Alexandria. Bandari za kungojea, zenye maghala yaliyojaa na watu waliobanana, ndizo zilizoifaa kuliko mahali pengine popote. Ulaya ilipoteza kati ya theluthi na nusu ya watu wake, na Misri na Sham ziliumia vibaya mno.

Na shahidi ni yule yule. Ibn Battuta aliyekula ukarimu wa Mogadishu na Kilwa alikuwa Damascus mwaka 1348, akaona watu wa mji wakifunga siku tatu, kisha wakatoka kwa miguu wakilia, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wake kwa waume na watoto, kuelekea Msikiti wa Nyayo. Alipokaribia kwao, mjini Taza, akapata habari kwamba mama yake mzazi amefariki kwa tauni. Mwaka 1351 maradhi yaliripotiwa Yemen, mshirika mkubwa wa Kilwa. Hapa kwetu Husuni Kubwa haikukaliwa kwa muda mrefu, na fahari ya ujenzi ya siku za al-Hasan ilififia baada yake. Wapo wanaosema kwamba tauni ilishuka gatini Kilwa. Mimi sihitaji kwenda mbali hivyo: mji unaoishi kwa ushuru wa mali ya wageni huumia vya kutosha wageni wake wanapokufa makwao.

Wareno walilielewa jambo hili kuliko tunavyowapa sifa. Hawakujaribu kuitawala Bahari ya Hindi yote. Walizifuata sehemu ambazo vyombo lazima visimame: Kilwa mwaka 1505, Goa 1510, Malaka 1511, Hormuz 1515, na Aden wakaishambulia mwaka 1513 wakashindwa. Malaka, iliyo katika Malesia ya leo, ungeipenda, maana nayo ilikuwa bandari ya kungojea msimu, na iliwawekea wafanyabiashara mashahibandari, yaani wakuu wa bandari, wanne kufuata walikotoka, Wagujarati wakiwa na wao peke yao. Lakini Kilwa iliyotekwa haikuwapa Wareno walichokitaka. Ngome waliijenga, na mwaka 1512 wakaiacha, kwa sababu wafanyabiashara walitafuta njia nyingine za kuifikia dhahabu, na ngome haiwezi kumlazimisha mtu kukuamini.

Nimeona nikuongezee jambo moja la Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, kwa sababu wanafunzi wako wanaikumbuka karantini ya korona na watalishika haraka. Mwaka 1377 baraza la mji huo liliamua kwamba anayetoka mahali penye tauni asiingie mpaka akae mwezi mzima katika kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Baadaye miji mingine iliufanya muda huo siku 40, na mwaka 1423 Venice ikatenga kisiwa kizima kwa ajili ya wagonjwa wa tauni. Ragusa iliishi kwa biashara, na ingejiua kama ingefunga bandari. Kwa hiyo ikachukua kule kungoja kulikoleta maradhi, ikakufanya sheria, na aliyeiamuru meli ingoje wapi na kwa muda gani akawa serikali.

Kwa hiyo ukirudi darasani, ningependa uwape wanafunzi ramani tupu yenye Kilwa, Mogadishu, Aden, Alexandria, Kaffa na Malaka, uwaulize katika kila mji nani alingoja, alingojea nini, na nani alimtoza. Kisha niandikie walivyojibu, hasa yule binti uliyesema hakubali jibu la kitabu. Picha za hodhi la Husuni Kubwa ulizoziomba nitazituma pamoja na za maandishi ya Kizimkazi, mara mwenzangu wa Unguja atakaponiletea.

Nisalimie mama na watoto wote. Wasalaam.

Ni mimi nduguyo.